Dakika ya Kizunguzungu: Mizani ya Mwili Juu ya Mashine ya Kukimbilia

Mwili wa binadamu hausimami tuli kabisa. Hata mtu anayeonekana amesimama kimya huyumba kidogo mbele na nyuma, na misuli ya vifundo vya miguu, mapaja na mgongo hufanya kazi bila kukoma ili kumrudisha katikati kila anapoanza kuegemea upande mmoja. Kazi hiyo huongozwa na ubongo, ambao hupokea taarifa kwa njia tatu. Ya kwanza ni macho, ambayo hueleza jinsi mandhari inavyosogea. Ya pili ni sikio la ndani, lenye mirija mitatu iliyopinda nusu duara inayopima mzunguko wa kichwa, pamoja na vifuko viwili vyenye fuwele ndogo za kalsiamu kaboneti, jamii ya chokaa, ambavyo hupima uvutano wa dunia na kila badiliko la mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu au chini. Ya tatu ni hisi ya mkao, yaani taarifa zinazopanda kupitia neva kutoka kwenye ngozi ya nyayo, misuli na viungo. Njia moja ikidhoofika, nyingine mbili huweza kuibebea mzigo kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua. Daktari Mjerumani Moritz Romberg alilieleza jambo hili katika karne ya 19, alipoona kwamba wagonjwa waliopoteza hisi ya miguu waliweza kusimama macho yakiwa wazi, lakini waliyumba mara tu walipoyafumba, na kipimo chenye jina lake bado hutumiwa na madaktari hadi leo.

Mashine ya kukimbilia, ambayo katika jimu nyingi za Afrika Mashariki huitwa tredmili, huvuruga mapatano ya njia hizo tatu kwa namna ambayo barabara haifanyi. Mtu anapotembea barabarani, nyumba, miti na watu hupita pembeni mwake na kurudi nyuma kwa kasi inayolingana na hatua zake, na mtiririko huo wa mandhari, ambao mwanasaikolojia Mmarekani James Gibson aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1950, ni mojawapo ya vielelezo ambavyo ubongo huvitumia kujua mwili unakwenda wapi na kwa kasi gani. Juu ya mkanda wa mashine, miguu inatembea au kukimbia ilhali ukuta ulio mbele hausogei hata kidogo. Uzito wa ushahidi wa macho ulidhihirishwa mwaka 1974 na David Lee na Eric Aronson katika jaribio la chumba ambacho kuta zake ziliweza kusogezwa huku sakafu ikiwa imetulia: watoto waliokuwa wamejifunza kusimama hivi karibuni waliyumba, na wengine wakaanguka, kwa sababu tu kuta zilisogea. Inafaa kusisitiza hapa kwamba sikio la ndani silo linalopingana na macho katika hali hii, kama inavyodhaniwa mara nyingi, kwa kuwa mwendo wa kasi isiyobadilika hauhisiwi na sikio hata barabarani. Mgogoro mkubwa ni kati ya macho na miguu, na ubongo hulazimika kuusuluhisha kila mara mtu anapopanda mashine.

Mgogoro huo, hata hivyo, ni chanzo kimoja tu cha kizunguzungu, na hatari ya kuuzungumzia peke yake ni kwamba mtu mwenye tatizo la moyo, la sukari au la shinikizo la damu ataambiwa kuwa atazoea. Kwa muda mrefu madaktari walifundishwa kumuuliza mgonjwa kizunguzungu chake kinafananaje. Mpangilio uliotolewa na David Drachman na Cecil Hart mwaka 1972 uligawa malalamiko katika makundi manne: kuhisi kwamba vitu vinazunguka, kuhisi giza na kutaka kuzirai, kuyumba wakati wa kutembea, na hali isiyoelezeka vizuri ya kichwa kuwa chepesi. Mpangilio huo ulisaidia sana, lakini mwaka 2007 David Newman-Toker na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vitengo vya dharura vya hospitali, wakaonyesha kwamba takribani nusu ya wagonjwa walipoulizwa tena baada ya dakika chache walichagua jibu tofauti na la kwanza, ilhali maelezo yao kuhusu muda wa kizunguzungu na jambo lililokichochea yalikuwa thabiti zaidi. Tangu hapo uchunguzi mzuri umeanza kutanguliza swali la lini. Kwa mtumiaji wa mashine ya kukimbilia swali hilo lina faida ya pekee, kwa sababu mbele yake kuna kioo kinachoonyesha dakika, kasi na mwinuko, na dakika ambayo kizunguzungu kilianza, ikichukuliwa pamoja na alichokuwa akifanya wakati huo, hutoa fununu kubwa kuhusu chanzo chake kuliko maelezo marefu ya jinsi alivyojisikia.

Kizunguzungu cha dakika za mwanzo, kinachotokea mkanda unapoanza kusogea na kupungua kadiri mtu anavyoendelea, mara nyingi ndicho hicho cha mgogoro wa macho na miguu. Vijana wengi hukizoea ndani ya dakika chache, na wazee huhitaji muda mrefu zaidi, pengine vipindi kadhaa vya siku tofauti, jambo ambalo lisichukuliwe kuwa ni udhaifu wa mtu bali ni tabia ya ubongo unaojifunza polepole zaidi. Anayeanza anashauriwa kusimama kwanza kwenye kingo mbili za pembeni zisizosogea, kuwasha mashine kwa kasi ya chini kabisa, na kuingia kwenye mkanda ukiwa tayari unakwenda polepole, kwa kuwa kusimama juu ya mkanda uliotulia na kisha kuushtua kwa kitufe huvuta miguu nyuma kabla mwili haujajiandaa.

Kuhusu vishikio, walimu wa mazoezi hugawanyika, wengine wakivikataza kabisa na wengine wakiwaacha wanafunzi wao waving'ang'anie kwa dakika 30 nzima, na pande zote mbili hukosea. Mwaka 1994 John Jeka na James Lackner walionyesha kwamba ncha ya kidole kimoja ikigusa kitu kilichotulia, kwa nguvu isiyofikia newtoni 1, yaani chini ya uzito wa gramu 100 hivi, hupunguza kuyumba kwa mwili kwa kiasi kikubwa, ingawa mguso wa namna hiyo ni mwepesi mno kuweza kuubeba mwili. Kinachosaidia ni taarifa: kidole huupa ubongo kielelezo cha nne cha mahali mwili ulipo, na mwenye macho hafifu au nyayo zilizokufa ganzi hupata kwa ncha ya kidole sehemu ya kile alichokipoteza kwingine. Kukishika kishikio kwa nguvu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu humfanya mtu aegemee mbele au nyuma, huizuia mikono kupishana na miguu, na huifanya hesabu ya nguvu iliyotumika inayoonyeshwa na mashine isiwe ya kweli.

Zipo pia hitilafu zinazojitokeza katikati ya zoezi kwa sababu ya mahali macho yanapoelekezwa. Mtu anayetazama miguu yake, au anayesoma simu iliyowekwa juu ya kioo cha mashine, huinamisha kichwa na kuunyima ubongo kielelezo kilicho mbali na kilichotulia. Anayetazama televisheni iliyotundikwa karibu na dari hukiinua kichwa kwa muda mrefu, mkao ambao kwa mwenye tatizo la fuwele za sikio, litakaloelezwa mbele kidogo, ni miongoni mwa vichochezi vinavyojulikana sana. Wenye kipandauso cha aina inayoambatana na kizunguzungu huweza kusumbuliwa na taa zinazopepesa, na mwendo wa picha kwenye skrini kubwa, na kelele za muziki, hata pale ambapo kichwa chenyewe hakiumi. Kuchagua alama moja isiyosogea, iliyo usawa wa macho na umbali wa mita kadhaa, ni tiba ndogo isiyo na gharama, na inashangaza kwamba jimu nyingi huzielekeza mashine zao mahali ambapo alama ya namna hiyo haipatikani.

Dalili moja inayojitokeza katikati ya mwendo inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa katika nchi za Afrika Mashariki ina historia yake. Kwa kawaida, kichwa kinaporuka juu na chini kwa kila hatua, sikio la ndani huyaamuru macho yasogee upande wa pili kwa kiasi kilekile, na ndiyo maana mtu anayekimbia huweza kusoma bango lililo mbele yake. Anayeona tarakimu za mashine zinarukaruka na kufifia anapotembea, kisha zinatulia na kusomeka vizuri mara tu anaposimama, huenda masikio yake yote mawili ya ndani yamedhurika. Miongoni mwa sababu zinazojulikana ni dawa za sindano za jamii ya streptomaisini, jentamaisini, kanamaisini na amikasini, ambazo zimewaokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu na maambukizi mengine mazito, lakini ambazo kwa baadhi yao ziliziua seli za mizani bila kurejea. Mwaka 1952 daktari mmoja aliyepatwa na madhara hayo alichapisha katika jarida la kitabibu la New England, kwa herufi za mwanzo za jina lake tu, maelezo ya jinsi alivyolazimika kukigandamiza kichwa chake kwenye vyuma vya kitanda ili aweze kusoma, kwa sababu hata mapigo ya moyo yalitosha kuzitikisa herufi machoni pake. Mtu aliyewahi kutibiwa kwa sindano hizo kwa miezi mingi, na ambaye huyumba zaidi gizani au kwenye mchanga, hana sababu ya kujilaumu kwa uoga anapoogopa mkanda unaosogea. Anahitaji kupimwa masikio na macho, na kufundishwa mazoezi maalumu yanayotajwa mwishoni mwa sura hii.

Kizunguzungu kinachokuja taratibu baada ya dakika 15, 20 au zaidi, kikiwa na jasho, kutetemeka, njaa au udhaifu, huelekeza kwenye sukari, maji na joto. Kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamidi, misuli inayofanya kazi huichota sukari kutoka kwenye damu juu ya kile ambacho dawa tayari imekipunguza, na kiwango kikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, ubongo huanza kukosa chakula chake. Mtumiaji wa insulini ambaye kipimo chake kabla ya zoezi kiko chini ya milimoli 5 anapaswa kula kitu kwanza; na sukari ikishashuka, vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, hufaa, kisha apime tena baada ya dakika 15 kabla ya kuamua lolote. Mwezi wa Ramadhani huongeza uzito wa jambo hili, kwa kuwa wapo wanaofunga na bado wakaenda jimu alasiri, saa chache kabla ya futari, wakati ambapo maji na sukari vimefikia kiwango cha chini kabisa cha siku. Kwa mtu mzima asiye na maradhi zoezi jepesi wakati huo huvumilika, lakini kwa mwenye kisukari anayetumia dawa zilizotajwa zoezi hufaa zaidi saa moja au mbili baada ya futari, na mpango wa dawa zake unatakiwa upangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Joto la pwani nalo lina hesabu yake. Katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili, hivyo moyo hulazimika kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi wakati uleule ambapo misuli inaidai. Nje ya jengo, mkimbiaji hujitengenezea upepo kwa mwendo wake mwenyewe. Juu ya mashine hewa iliyomzunguka haisogei, na chumba kisicho na feni huwa mahali pabaya zaidi kuliko barabara ya jua la asubuhi. Wanawake wenye hedhi nzito, wajawazito, na wote wenye upungufu wa damu unaotokana na malaria, minyoo au lishe duni huchoka na kuona giza mapema kuliko wengine, na kwao dawa si feni wala maji bali ni kupima wingi wa damu. Wengine hupata kichwa chepesi pamoja na ganzi ya ncha za vidole na kando ya midomo, dalili zinazotokana na kupumua haraka kupita kiasi, kwa kuwa hewa ya kaboni dayoksaidi inapopungua mno katika damu, mishipa ya ubongo husinyaa. Hao hutulizwa kwa kupunguza kasi na kutoa pumzi polepole.

Isipokuwa sukari iliyoshuka, mengi ya yaliyotajwa hadi hapa huweza kusubiri. Kizunguzungu ambacho hakiwezi kusubiri kamwe ni kile kinachokuja wakati juhudi iko kileleni, mkanda ukiwa bado unakwenda, hasa kikiambatana na kubanwa kifua, moyo kwenda mbio ovyo au kuzirai ghafla. Mshipa mkuu wa damu ukiwa na vali iliyokaza, au misuli ya moyo ikiwa imenenepa isivyo kawaida, au mishipa inayoulisha moyo ikiwa imeziba, moyo hushindwa kuongeza damu kwa kiwango kinachodaiwa, na shinikizo la damu, ambalo lilipaswa kupanda, huanguka. Katika ukanda huu kuna pia vijana wengi wenye vali zilizoharibiwa na homa iliyofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, na baadhi yao hugundua hali hiyo kwa mara ya kwanza wanapoanza mazoezi. Si jambo la bahati kwamba mashine hii iliingia hospitalini kabla ya kuenea katika jimu na majumbani: mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Seattle nchini Marekani, daktari Robert Bruce na mhandisi Wayne Quinton waliitengeneza kwa ajili ya kuupima moyo, na utaratibu unaoitwa kwa jina la Bruce, unaoanza kwa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10 na kuongezwa kila baada ya dakika 3, hutumiwa mpaka sasa. Katika kipimo hicho, mgonjwa anayepata kizunguzungu na kukaribia kuzirai husimamishwa mara moja, ingawa amezungukwa na wataalamu na vifaa. Mtu aliye peke yake nyumbani hana sababu ya kuendelea pale ambapo hospitali husimama.

Kifo cha Dave Goldberg, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya SurveyMonkey, mwezi Mei 2015 nchini Mexico, kiliwafundisha wengi jambo hili kwa uchungu. Alikutwa karibu na mashine ya kukimbilia, na taarifa za mwanzo zilisema kwamba alianguka na kuumia kichwa. Baadaye mjane wake, Sheryl Sandberg, alieleza kwamba chanzo kilikuwa ugonjwa wa mishipa ya moyo uliovuruga mapigo yake. Kila anayeanguka kutoka kwenye mashine bila kujikwaa anapaswa kuulizwa kwanza kuhusu moyo wake, na kuhusu ndugu zake waliofariki ghafla wakiwa bado vijana, kabla ya viatu vyake au uzembe wake kulaumiwa.

Wakati ambao kizunguzungu huwapata watu wengi zaidi, hata hivyo, si katikati ya mbio bali ni ule wa kusimama. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takribani lita 5 za damu kwa dakika, na kwa kijana anayekimbia kwa nguvu kiasi hicho huweza kupita lita 20, sehemu kubwa yake ikielekezwa kwenye misuli ya miguu ambayo mishipa yake imetanuka. Damu hiyo hairudi juu kwa nguvu ya moyo peke yake. Kila hatua, misuli ya mashavu ya miguu na ya mapaja huzikamua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na vali ndogo zilizo ndani yake huizuia damu isishuke tena, kwa hiyo miguu ya mkimbiaji ni kama pampu ya pili. Anapobonyeza kitufe cha kusimama ghafla, pampu hiyo huzima papo hapo ilhali mishipa bado imetanuka. Damu hutuama miguuni, moyo hupokea kidogo na kusukuma kidogo, shinikizo hushuka, na ubongo, ulio juu kuliko viungo vyote, huwa wa kwanza kukosa. Giza machoni, masikio kuvuma na magoti kulegea hufuata ndani ya sekunde chache, mara nyingi mtu akiwa ameshashuka na kuinama kuchukua taulo. Dalili hizi huwa nzito zaidi kwa wanaotumia dawa za kupunguza shinikizo la damu, dawa za kuongeza mkojo, au zile za kulegeza njia ya mkojo wanazopewa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, pamoja na wale wanaotoka jimu moja kwa moja kwenda kuoga maji ya moto.

Kinga yake inajulikana na ni rahisi, nayo ni kupunguza kasi na mwinuko kidogo kidogo na kutembea polepole kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kushuka. Inasikitisha kwamba dakika hizo ndizo za kwanza kukatwa mtu anapokuwa na haraka, na kwamba mashine za jimu wakati wa jioni, foleni ikiwa ndefu, hugeuka kuwa mahali pa kushuka upesi ili mwingine apande. Mwenye jimu anayejali wateja wake angeifanya robo ya mwisho ya kila zamu kuwa ya kupoa.

Kuna hali nyingine ya baada ya kushuka ambayo haina madhara lakini huwatisha wageni. Mtu aliyekimbia juu ya mashine kwa muda akianza kutembea sakafuni huhisi kwamba anakwenda kwa kasi isiyo ya kawaida, kana kwamba sakafu yenyewe inamsukuma mbele. Adar Pelah na Horace Barlow waliuchunguza udanganyifu huo na kuuchapisha mwaka 1996. Mwaka mmoja kabla yao, Stuart Anstis alikuwa ameonyesha kwamba watu waliotoka kwenye mashine, wakiambiwa wakimbie mahali pamoja macho yakiwa yamefumbwa, husogea mbele bila kujua. Ubongo umekwisha kujifunza kwamba hatua hizi haziupeleki mwili popote, na huchukua dakika kadhaa kulisahau fundisho hilo. Ni hali ya jamii moja na ile inayowapata abiria wanaoshuka kwenye boti ya Unguja au Pemba, ambao huhisi gati linayumba chini ya miguu yao ilhali bahari wameshaiacha. Kwa kawaida hupotea haraka. Ikiendelea kwa siku kadhaa, daktari wa masikio au wa neva aonwe.

Kizunguzungu kikali kinachokuja saa nyingi baada ya zoezi, mtu anapojigeuza kitandani, anapolala chali au anapoinua uso kutafuta kitu kwenye rafu ya juu, kikamzungusha kwa chini ya dakika moja kisha kikaisha, mara nyingi hakihusiani na mashine kabisa. Ni fuwele za sikio zilizobanduka kutoka kwenye kifuko chake na kuingia katika mojawapo ya mirija mitatu, zikaupa ubongo taarifa ya mzunguko usiokuwepo. Tatizo hili huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 50, na hutibiwa bila dawa kwa kukigeuza kichwa katika mikao maalumu inayozirudisha fuwele mahali pake, utaratibu ulioasisiwa na daktari John Epley wa Oregon nchini Marekani. Ni masikitiko kwamba watu humeza vidonge vya kuzuia kichefuchefu kwa miezi mingi kwa tatizo ambalo mara nyingi huondoka kwa kikao kimoja au viwili.

Kizunguzungu kikianza juu ya mashine, jambo la kwanza ni kushika vishikio na kupunguza kasi, au kuweka miguu kwenye kingo za pembeni, na kamwe mtu asiruke kutoka kwenye mkanda unaokwenda. Kamba ya usalama yenye klipu, ambayo watu wengi huiacha ikining'inia, inatakiwa kufungwa kwenye nguo kila mara, kwa sababu huizima mashine mtu anapoteleza nyuma. Na nyuma ya mashine ibaki nafasi tupu ya mita 2, pasiwe na ukuta, kitanda wala mtoto. Anayehisi kuzirai alazwe sakafuni na miguu yake iinuliwe. Desturi ya kumkalisha kitini haraka aliyezirai, wawili wakimshika kwapani ili asianguke tena, hutoka katika huruma ya kweli lakini humzuilia damu isifike kichwani, na humchelewesha kuzinduka. Asipozinduka na asipopumua kawaida, moyo umesimama, na kubonyeza kifua kuanze hapohapo huku msaada ukiitwa. Uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kutotoka, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kabisa kutembea ni dalili za kiharusi, na mahali pake ni hospitali bila kungoja hata saa moja.

Baada ya hatari hizo kuondolewa, kosa linalobaki ni la kuacha mazoezi. Katika miaka ya 1940 nchini Uingereza, daktari Terence Cawthorne na mtaalamu mwenzake Cooksey waliona kwamba wagonjwa wa mizani waliolazwa na kuambiwa watulie walichelewa kupona kuliko waliosogeza macho, kichwa na mwili mapema hata kama kizunguzungu kiliwasumbua, na mazoezi waliyoyatunga ndiyo msingi wa tiba inayotolewa leo kwa wenye masikio dhaifu ya ndani. Anayerejea kwenye mashine huanza kwa dakika 3 hadi 5 za mwendo wa polepole, kidole kikigusa kishikio, macho yakiwa kwenye alama moja. Akishazoea, huongeza muda kabla ya kuongeza kasi, na kasi kabla ya mwinuko, na mwisho kabisa hujaribu kugeuza kichwa taratibu kushoto na kulia huku akitembea, mtu mwingine akiwa karibu. Kizunguzungu kidogo kinachoisha ndani ya dakika chache baada ya kila kipindi ni ishara kwamba ubongo unafanya kazi ya kujirekebisha. Kinachodumu hadi jioni kinaonyesha kwamba hatua iliyochukuliwa ilikuwa kubwa mno na inatakiwa ipunguzwe. Kwa wale ambao nyayo zao zimepoteza hisi kabisa kwa sababu ya kisukari cha muda mrefu, au ambao masikio yote mawili yamedhurika, baiskeli ya kukalia yenye mgongo huupa moyo zoezi linalotosha bila hofu ya kuanguka, na matembezi ya jioni kwenye uwanja wa sawa, mkongojo mkononi na mjukuu pembeni, huufundisha mwili mizani ambayo mkanda wa mashine hauwezi kuifundisha.